Wapelekeni Watoto Nachingwea Wazee Wangalipo

Mzazi wa Ruangwa atakaye kuwaonyesha watoto wake maisha ya kale hufikiria kwanza Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1967, penye msonge wa Wahaya na tembe la Wagogo. Ni pazuri, lakini ni mbali. Nachingwea ni jirani.

Makumbusho ya huko ni ardhi yenyewe, na wazee. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Misitu ikafyekwa, reli ikajengwa kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na reli nayo ikafungwa miaka ya 1960. Mtoto wa miaka saba hajali hesabu za hasara. Mwonyesheni mahali treni ilipopita. Atauliza mwenyewe imekwenda wapi.

Kisha nendeni Farm 17. Hapo Nachingwea wapigania uhuru wa FRELIMO walifunzwa chini ya Samora Machel, hadi Msumbiji ilipojitawala tarehe 25 Juni 1975. Kijana aliyewaona mwaka 1965, akiwa na miaka 20, leo amefikia 80.

Mzee wa namna hiyo aombwe mapema, kwa adabu, aketi na watoto kivulini kabla jua halijawa kali. Chukueni maji na viazi vya kuchemsha. Wazazi wasimkatize kwa maelezo ya vitabuni (tunapenda mno kufanya hivyo). Watoto wamwulize wageni wale walilala wapi, walikula nini, waliimba nini usiku. Majibu yaandikwe daftarini siku ile ile, pamoja na jina la mzee na kijiji chake.