Gundi ya ndege ndogo: Uzito na unyevu vitangulie bei

KIJANA anayeunda ndege ndogo ya kurusha, akifika Mwembe Tayari, Mombasa, kutafuta gundi, huenda akakimbilia mkebe wa fundi viatu. Gundi hiyo ya manjano ni rahisi kupata na hushika ngozi barabara. Kwa ndege, hata hivyo, haifai.

Kwanza, viyeyushi vyake, mathalani toluini, hula lile povu gumu jeupe linalokingia televisheni mpya ndani ya boksi, ambalo ndilo wengi hulichonga mabawa. Pili, mvuke wake ndio uo huo unaovutwa na watoto wa mitaani katika miji ya Kenya, nao hudhuru ubongo. Mzazi asimpe mtoto mkebe huo auchezee chumbani.

Kwa mbao nyepesi kama balsa, gundi nyeupe ya maseremala ingali bora. Takriban nusu ya uzito wake ni maji, ambayo huondoka inapokauka. Katika hewa nzito ya Pwani huchelewa kukauka, basi iachwe usiku kucha. Ikipakwa kati ya vipande viwili vipana vya povu, inaweza kubaki mbichi kwa siku kadhaa, kwa kuwa maji hayana pa kutokea.

Gundi ya mirija miwili inayochanganywa ni kinyume chake. Haikauki bali huganda, na kila gramu iliyopakwa hubaki ndani ya ndege. Itumiwe tu penye nguvu nyingi: inapofungwa mota, shina la bawa na miguu ya magurudumu.

Supaglu nayo, ambayo kemikali yake mwanakemia Harry Coover wa kampuni ya Kodak alikutana nayo mwaka 1942, hugandishwa na unyevu. Ndiyo maana Mombasa hushika upesi, na chupa iliyoachwa wazi huharibika upesi vilevile. Ihifadhiwe ndani ya kopo lililofungwa, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyopatikana katika maboksi ya viatu. Supaglu ya kawaida pia hula povu. Ipo aina nyingine isiyolidhuru. Isipanguswe kwa pamba: hupata moto ghafla na inaweza kuunguza vidole.

Kwa kuwamba mabawa kwa karatasi nyembamba, uji wa ngano wa waunda tiara unatosha. Ni mwepesi na wa bei nafuu, ingawa mende nao huupenda.

Lakini gundi isilaumiwe kwa kila kiungo kinachoachana. Mwaka 1944, ndege za kivita za Uingereza aina ya Mosquito, zilizoundwa kwa mbao, ziliharibika zikiwa India. Joto na unyevu ndivyo vilivyoshukiwa kwanza. Baadaye uchunguzi ulifichua pia kasoro za uunganishaji kiwandani. Mbao zisizokutana sawasawa humlazimu fundi kujaza pengo kwa gundi, na pengo lililojazwa ni uzito mtupu usio na nguvu.

Kabla ya kugusa ndege yenyewe, unganisha vipande viwili vya mabaki, viache hadi kesho yake, kisha uvivunje. Ukipasuka ubao kando ya kiungo, gundi imetosha. Kikiachana kiungo chenyewe, rudi kwenye msasa, ulinganishe nyuso upya na upake gundi kidogo kuliko awali.