Hilary Mantel: Maisha, Ugonjwa na Mamlaka ya Kusimulia Yaliyopita

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maisha na kazi za Hilary Mantel (1952–2022), mwandishi wa riwaya wa Uingereza aliyeshinda Tuzo ya Booker mara mbili. Hoja ya msingi ni kwamba swali linalotawala riwaya zake, yaani nani ana mamlaka ya kueleza habari za mtu, lina mizizi katika tajiriba yake mwenyewe ya kuelezwa vibaya na wengine. Hoja hiyo inajengwa kwa kufuatilia maisha yake ya awali, safari yake ya kuchapishwa, na mbinu ya usimulizi katika riwaya tatu zinazomhusu Thomas Cromwell.

1.0 Utangulizi

Kuhakiki kazi ya fasihi kwa kuzingatia maisha ya mtunzi kuna hatari yake. Mhakiki anaweza kuishia kutafuta jeraha la mtunzi ndani ya kila mhusika na kuisahau sanaa yenyewe. Hata hivyo, wapo watunzi ambao wao wenyewe waliyafanya maisha yao kuwa sehemu ya kazi yao. Mantel ni mmoja wao. Mwaka 2003 alichapisha tawasifu, Giving Up the Ghost, ambamo aliweka wazi habari za familia yake na za ugonjwa uliomsumbua kwa miaka mingi. Tawasifu hiyo ikisomwa sambamba na riwaya zake, inadhihirika kwamba suala la nani anaaminiwa na nani haaminiwi lilikuwa la maisha kabla ya kuwa dhamira ya kifasihi.

2.0 Maisha ya Awali

Mantel alizaliwa tarehe 6 Julai 1952 huko Glossop, Derbyshire, katika familia ya Kikatoliki yenye asili ya Ireland. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Hilary Mary Thompson. Alikulia katika kijiji cha Hadfield. Akiwa bado mtoto, mwanamume mwingine, Jack Mantel, alihamia nyumbani kwao huku baba yake mzazi akiendelea kuishi katika nyumba hiyo hiyo. Alipofikisha umri wa miaka 11 hivi, mama yake na Jack walihamia Romiley pamoja na watoto. Hilary akaanza kutumia jina la Mantel, na hakumwona tena baba yake. Hivyo, hata jina ambalo ulimwengu ulikuja kulifahamu lilitokana na jambo ambalo watu wazima waliliamua bila kumweleza mtoto.

Alisoma sheria katika London School of Economics, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Sheffield na kuhitimu mwaka 1973. Katika kipindi hicho aliolewa na Gerald McEwen, mtaalamu wa jiolojia. Katika kipindi hicho pia maumivu makali ya mwili yalimpeleka kwa madaktari, nao waliamua kwamba chanzo chake kilikuwa akilini. Alipewa dawa za wagonjwa wa akili, na dawa hizo zikamzidishia taabu. Kadiri alivyojieleza, ndivyo maelezo yake yalivyochukuliwa kuwa dalili ya ugonjwa aliodhaniwa kuwa nao.

3.0 Botswana, Saudi Arabia na Riwaya za Mwanzo

Mwaka 1977 Mantel alimfuata mumewe kikazi nchini Botswana. Akiwa huko alisoma vitabu vya tiba na kuutambua mwenyewe ugonjwa wake: endometriosi, hali ambayo tishu zinazofanana na zile za ndani ya mji wa mimba huota nje yake. Baadaye madaktari wa London walithibitisha jambo hilo, lakini muda ulikuwa umepita. Akiwa na umri wa miaka 27 alifanyiwa upasuaji uliomwondolea uwezo wa kuzaa.

Wakati huo huo alikuwa amekamilisha riwaya ndefu kuhusu Mapinduzi ya Ufaransa, yenye wahusika wakuu Danton, Robespierre na Camille Desmoulins. Wachapishaji waliikataa. Riwaya hiyo, A Place of Greater Safety, ilitoka mwaka 1992, zaidi ya miaka kumi baada ya kuandikwa. Ili apate nafasi ya kusomwa, Mantel alianza na riwaya fupi ya maisha ya kisasa, Every Day is Mother's Day (1985).

Miaka aliyoishi Jeddah, Saudi Arabia, ilizaa Eight Months on Ghazzah Street (1988). Mhusika mkuu, Frances Shore, ni mchoraji wa ramani anayejikuta hana kazi katika mji asioweza kuusoma. Anasikia sauti kutoka ghorofa ya juu, ambayo anaambiwa haikaliwi na mtu. Katika A Change of Climate (1994), wamisionari wawili wanarudi Uingereza kutoka kusini mwa Afrika wakiwa wamempoteza mtoto, na wanajenga maisha mapya juu ya ukimya. Katika riwaya zote mbili, kisichosemwa ndicho kinachoongoza matendo ya wahusika.

4.0 Thomas Cromwell na Mbinu ya Usimulizi

Umaarufu mkubwa ulimfikia Mantel alipochapisha Wolf Hall (2009), Bring Up the Bodies (2012) na The Mirror & the Light (2020). Riwaya mbili za kwanza zilishinda Tuzo ya Booker, naye akawa mwanamke wa kwanza kuitwaa mara mbili. Mhusika mkuu ni Thomas Cromwell, mtoto wa mhunzi wa Putney aliyepanda hadi kuwa waziri mkubwa wa Mfalme Henry wa Nane, na akakatwa kichwa mwaka 1540. Kabla ya hapo, Cromwell alionyeshwa mara nyingi kama mtu katili asiye na haya. Tamthiliya ya Robert Bolt, A Man for All Seasons, ni mfano mzuri: ndani yake Thomas More ndiye shujaa na Cromwell ndiye adui.

Mantel hakumsafisha Cromwell. Alichobadilisha ni mahali anaposimama msimulizi. Riwaya zinasimuliwa kwa nafsi ya tatu na kwa wakati uliopo, na kiwakilishi cha nafsi hiyo humrejelea Cromwell hata pale ambapo mwanamume mwingine ndiye aliyetajwa karibuni. Msomaji anakuwa nyuma ya macho yake. Anajua kwamba mwaka 1540 unakuja, lakini Cromwell hajui. Ukatili wake nao hausamehewi: msomaji anashiriki kuupanga.

Mbinu hii inazua suala zito kwa mfasiri wa Kiswahili. Kiwakilishi cha Kiingereza hubainisha angalau jinsi, ilhali kiambishi a- hakibainishi. Sentensi kama "Alimtazama, akanyamaza" haionyeshi kama ni Cromwell aliyemtazama Anne Boleyn au kinyume chake. Kurudia jina kungeondoa ukaribu uliokusudiwa, na kutumia "yeye" kila mara kungetia mkazo usiohitajika. Mantel mwenyewe alikabili utata unaokaribiana na huo, na katika riwaya ya pili aliambatisha jina la Cromwell kwenye kiwakilishi mara nyingi zaidi.

5.0 Suala la Ukweli wa Kihistoria

Baadhi ya wanahistoria na maaskofu wa Kikatoliki nchini Uingereza walilalamika kwamba Mantel alimchora Thomas More kwa ukali kupita kiasi. Lalamiko hilo lina uzito, kwa kuwa wasomaji wengi huipokea riwaya kama historia. Hata hivyo, Mantel hakuwa mzembe: alitunza kadi zilizoonyesha kila mhusika alikuwa wapi katika tarehe fulani, na alikataa kubadilisha kwa makusudi jambo lililothibitishwa na nyaraka. Katika Mihadhara ya Reith ya mwaka 2017 alitofautisha wakati uliopita na historia, ambayo ni mabaki tu ya wakati huo. Kwa mtazamo huo, mwandishi wa riwaya hufanya kazi pale nyaraka zinaponyamaza.

6.0 Hitimisho

Mantel alifariki dunia tarehe 22 Septemba 2022 akiwa na umri wa miaka 70. Makala haya yameonyesha kwamba jalada la mgonjwa na nyaraka za dola zilikuwa kwake matini za aina moja: zimeandikwa na wenye mamlaka, na anayeandikwa hana nafasi ya kujibu. Riwaya zake hazidai kwamba anayeandikwa daima ana haki. Zinadai kwamba asikilizwe kabla ya kuhukumiwa, jambo ambalo yeye mwenyewe alilikosa mbele ya madaktari wake.