Kihisi cha Grafini, Hewa ya Gunia na Jino la Mnunuzi

Kihisi cha unyevu kilichotengenezwa kwa utando wa grafini husoma hewa. Kwa hiyo swali linalorudi kila baada ya mavuno ya mvua ndefu, kuanzia Busia kupitia Amukura hadi Malaba, kwamba kifaa hicho kikichomekwa guniani kama bambo si kitasema papo hapo iwapo mahindi yamekauka, limekosewa tangu mwanzo.

Grafini yenyewe, safu ya kaboni yenye unene wa atomu moja iliyotengwa Manchester mwaka 2004, haina hamu kubwa na maji. Kinachotumika zaidi ni oksidi yake, ambayo ina vikundi vingi vya oksijeni vinavyonasa mvuke. Huchanganywa na maji, ikapakwa juu ya elektrodi mbili zilizoingiliana kama meno ya vitana, ikaachwa ikauke. Mvuke ukipenya kati ya safu, protoni hupata njia ya kuruka kutoka molekuli moja ya maji hadi nyingine; ukinzani wa utando hushuka, na saketi hugeuza badiliko hilo kuwa asilimia. Mwaka 2013 watafiti wa Nokia huko Cambridge walionyesha utando wa aina hii uliojibu kwa makumi ya milisekunde tu.

Mkulima wa Amukura hafaidiki na kasi hiyo, maana punje ya mahindi haina haraka. Ndani ya chombo kilichozibwa, nafaka na hewa hupeana unyevu hadi vilingane: kwenye joto la nyuzi 25 hivi, hewa yenye unyevu wa asilimia 65 huandamana na mahindi ya takriban asilimia 13. Kulingana huko huchukua saa nzima au zaidi. Gunia la nailoni linapumua, hivyo kifaa kilichochomekwa humo husoma pia hewa ya chumba, na usiku wa mvua hewa hiyo imelowa.

Yote hayo yangeeleweka haraka kama si imani ya jino. Mnunuzi huchota punje kwenye gorogoro, huuma, ikilia “ka!” bei inakubaliwa. Mlio huo ni habari ya ganda. Punje iliyoanikwa hukauka kuanzia nje, na maji yaliyobaki kiinini husambaa tena hadi kwenye ganda usiku. Iliyolia saa nane mchana huenda isilie asubuhi, wala hakuna aliyeimwagia maji. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu unyevu usiozidi asilimia 13.5. Gunia la kilo 90 lenye asilimia 15 linapaswa kupoteza zaidi ya lita moja na nusu ya maji ili kufika hapo, na jino la kupima tofauti hiyo halijaota kinywani mwa mtu yeyote. Hoja kwamba wazee waliuma na hawakupata hasara inasahau kwamba mahindi ya wazee mara nyingi yalitundikwa na magunzi yake juu ya moshi wa jikoni, yakaendelea kukauka huko.

Chupa ya chumvi ni afadhali, ila inasifiwa kupita kiasi. Chumvi kavu hunata ukutani mwa chupa hewa ikifika asilimia 75 hivi, yaani mahindi yakiwa karibu 15. Isiponata, bado pengo la hadi 13.5 halijulikani.

Aflatoksini, sumu ya ukungu, nayo haionwi na chumvi, jino wala grafini. Mahindi yaliyoota ukungu kisha yakaanikwa upya hukauka vizuri, sumu ikiwa ndani. Machi 5, 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo. Siku chache baadaye iliyaruhusu kwa cheti cha sumu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni. Cheti hicho hutokana na kipimo cha sumu yenyewe.

Vihisi vya grafini bado ni vya maabara zaidi, na usomaji wake huyumba kwa joto na kwa kuzeeka. Vipima unyevu wa hewa vya kawaida vya polima vinatosha. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, yapoe, sampuli itolewe kwa bambo juu, katikati na chini ya gunia, ijaze chupa angavu pamoja na kipima hicho au kadi ya kuonyesha unyevu, DryCard, izibwe, ikae kivulini saa moja au mbili. Ikisoma chini ya 65, yaingie kwenye mfuko usiopitisha hewa. Ikizidi, turubai litandikwe tena.