Kilo Moja Bila Jiwe la Kilo Moja

Uko sokoni Lembeni. Wataka maharage kilo 1. Muuzaji ana mizani ya sahani mbili, lakini jiwe la kilo 1 limepotea. Anayo mawili ya kilo 2 na moja la kilo 5. Usikubali akukadirie kwa macho! Jiwe la 5 liwekwe upande mmoja. Yale ya 2 yawekwe upande wa pili, maharage yamiminwe hapo hapo mpaka mizani ilingane. Umepata: 5 toa 4.

Je, yakiwepo ya kilo 2 na 10 tu? Kwa mawe peke yake hupati, hata yawe mia. Ukijumlisha au ukitoa, jibu hugawanyika kwa 2 daima, 1 haigawanyiki. Basi pima kilo 2. Ondoa mawe, ugawe maharage yale kwenye sahani mbili mpaka zilingane.