Maumivu ya Mguu Yatokayo Mgongoni

Katika vitongoji vya Dar es Salaam, kuanzia Tandika, Buza na Mbagala upande wa Temeke hadi Tegeta na Bunju upande wa Kinondoni, wako watu wengi, aghalabu wa umri wa miaka 30 hadi 50, ambao huamka alfajiri moja wakaona mguu mmoja umegeuka kuwa adhabu. Maumivu huanzia takoni, yakashuka nyuma ya paja, yakapita kigimbini hata yakafika unyayoni, mara yakichoma, mara yakikata, mara yakiuacha mguu umekufa ganzi. Mgonjwa huukanda mguu kwa maji ya moto na kuupaka mafuta ya karafuu; jirani mmoja humwambia kuwa ni baridi yabisi, na mwingine kuwa amekanyaga kitu kibaya kilichotegwa njiani; ilhali mguu wenyewe, mara nyingi, ni mzima, na asili ya taabu iko kiunoni, mahali ambapo pengine hapaumi hata kidogo.

Uti wa mgongo una pingili 24 zinazojongea, na baina ya pingili na pingili, isipokuwa zile mbili za juu kabisa shingoni, kuna diski, yaani kibonge chenye ukuta mgumu wa nyuzinyuzi kwa nje na ute mzito kwa ndani, ambacho kazi yake ni kupokea uzito na kuuwezesha mgongo kupinda. Diski mbili za chini kabisa, kwa kuwa hubeba sehemu kubwa ya uzito wa kiwiliwili, ndizo zinazoharibika zaidi. Miaka inapopita ukuta huchakaa, na siku moja, kwa kunyanyua gunia au hata kwa kupiga chafya tu, ute huusukuma ukuta ukatuna au ukapasuka, na kilichotokeza hugusa mzizi wa mshipa wa fahamu uendao mguuni. Mshipa huo, ulio mnene kuliko mishipa yote ya fahamu mwilini, ni kama mshipi wa mvuvi: ukiguswa huku, hutikisika kule.

Jambo hili lilichelewa kujulikana. Domenico Cotugno, tabibu wa Napoli, alikwisha kuandika mwaka 1764 kwamba mshipa wa fahamu ndio unaouma. Lakini ulimwengu ulingoja hata mwaka 1934 ndipo William Mixter na Joseph Barr, wapasuaji wa Boston nchini Marekani, walipotangaza kuwa diski iliyopasuka yaweza kuwa ndiyo chanzo. Tangu hapo tabibu mwenye mikono makini aweza, kabla ya kipimo chochote cha gharama, kukisia diski iliyoharibika kwa kuuliza maumivu yanaishia wapi. Yakifika juu ya wayo na kidole gumba, na mgonjwa akashindwa kutembea kwa visigino, au kandambili ikawa inamchopoka bila yeye kujua, aghalabu kosa liko kwenye diski ya pili kutoka chini. Yakishuka nyuma ya kigimbi hadi upande wa kidole kidogo, na mgonjwa akashindwa kusimama kwa ncha za vidole, liko kwenye ile ya mwisho.

Lililo kubwa zaidi, ambalo natamani kila mgonjwa alijue kabla hajauza kitu chake chochote, ni kwamba maradhi haya, kwa walio wengi, hupungua yenyewe katika muda wa majuma 6 hadi 12. Ute uliotoka huhesabiwa na mwili kuwa mgeni, ukaliwa kidogo kidogo na chembe za ulinzi, hata huonekana mara nyingi kuwa kipande kikubwa kilichochomoka kabisa hunywea zaidi kuliko diski iliyotuna tu. Matabibu wa Uholanzi waliwagawa wagonjwa 183, baadhi wakalazwa kitandani majuma mawili na wengine wakaachwa waendelee na maisha kwa kadiri walivyoweza. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999, baada ya majuma 12, asilimia 87 ya kila kundi walikuwa wamepata nafuu. Kulala kutwa kucha, basi, hakuharakishi shifaa, na mtu anayeishi kwa kibarua cha siku asijilaumu kuwa hapati nafasi ya kujilaza.

Muda huo wa kungojea nafuu hata hivyo wataka kutumiwa kwa busara. Mgonjwa atembee mwendo mfupi mara nyingi kuliko mrefu mara moja. Alalapo ubavu aweke mto baina ya magoti. Kukaa kitako kwa muda mrefu huzidisha mkandamizo ndani ya diski kuliko kusimama, kwa hiyo dereva wa bajaji na fundi cherehani wainuke mara kwa mara, na mama lishe akunaye nazi amekunja mgongo juu ya mbuzi aikabidhi kazi hiyo kwa mwingine kwa kitambo. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Heri mbili za lita 10, moja kila mkono. Na kwa Mwislamu liko jambo ambalo matabibu wengi hawalitaji: rukuu, kwa kuwa mwili huinama ilhali magoti yamenyooka, huuvuta mshipa uleule uliokandamizwa, naye ana ruhusa ya kusali juu ya kiti mpaka apone, wala asione haya kuitumia.

Katika dawa nasema kwa mkazo. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huuzwa kila mtaa, zaweza kutuliza kwa siku chache, lakini zikinywewa mwezi kwa mwezi bila ya tabibu huchimba vidonda tumboni na kudhuru figo, hasa kwa mwenye shinikizo la damu. Kuchuliwa kwa mkono mwepesi hulegeza misuli. Ila kukanyagwa mgongo au kuvunjwavunjwa kiuno, kama wafanyavyo wachuaji wengine, ni kuitia hatarini diski ambayo imekwisha kudhoofika.

Ziko dalili zisizostahili subira hata ya usiku mmoja: ganzi katika sehemu za siri na pale panapogusa tandiko la baiskeli, mkojo kuzuilika au kutoka bila hiari, na miguu yote miwili kuishiwa nguvu. Mwenye hayo apelekwe saa ileile hospitali ya Temeke au Mwananyamala, ili ahamishiwe Muhimbili kwenye Taasisi ya Mifupa, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, kwani akichelewa aweza kupoteza udhibiti wa mkojo maisha yake yote. Kadhalika homa za jioni, jasho la usiku, kukonda na kinundu kinachochomoza mgongoni huelekea kuwa kifua kikuu kilichoingia katika pingili, ambacho hutibiwa bure katika hospitali za serikali.

Kwa wengine wote, kipimo cha picha cha MRI chaweza kungoja. Huko Marekani, katika uchunguzi wa mwaka 1994, watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo walipigwa picha hiyo, na asilimia 52 walikutwa na diski iliyotuna; picha peke yake, basi, haimhukumu mtu. Upasuaji nao una nafasi yake: huondoa maumivu upesi zaidi kwa yule ambaye majuma yamepita asipate nafuu, ijapokuwa uchunguzi mwingine wa Uholanzi, wa mwaka 2007, ulionyesha kuwa mwaka ukitimia, waliopasuliwa mapema na waliongoja walikuwa wamepona kwa kiasi kilekile.

Lakini nani awezaye kungoja? Mchukuzi wa soko la Tandika hulipwa kwa mzigo aliobeba, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, haumfikii, kwa sababu hana mwajiri wa kumchangia. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume asibebeshwe zaidi ya kilo 55; sheria yetu ya vipimo huruhusu kifurushi cha mazao kufika kilo 100, na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, huvuka hata hapo. Lumbesa imezungumzwa miaka mingi kuwa ni dhuluma kwa mkulima, nayo ni kweli. Ila mgongo unaoishusha kutoka kwenye lori haujapata mtetezi. Saruji hufungwa katika mifuko ya kilo 50 nchi nzima, na biashara yake haikukwama kwa sababu hiyo. Viazi, vitunguu na mahindi vyaweza kufungwa vivyo hivyo.