Rovu na Mawimbi ya Sauti

Katika Kiswahili, rovu ni uvimbe wa tezi ya thairoidi iliyo mbele ya koo. Neno hili hutaja umbo tu. Halituambii iwapo tezi hiyo imezembea au inafanya kazi kupita kiasi. Inapozidisha homoni, mgonjwa hukonda ilhali anakula vyema, moyo humdunda mbio na mikono humtetemeka. Hali hii huthibitishwa kwa kupima damu wala si kwa picha.

Je, ultrasaundi ina faida gani basi? Chombo hupitishwa shingoni, kikapeleka mawimbi ya sauti yasiyosikika na kupokea mwangwi wake. Hapo daktari hupima kila upande wa tezi: urefu mara upana mara kina mara 0.52, akapata ujazo wake kwa mililita. Vinundu pia huonekana.

Muhimu zaidi ni Dopla, mbinu inayoonyesha mwendo wa damu. Katika ugonjwa wa Graves, uliopewa jina la Robert Graves aliyeueleza mwaka wa 1835, damu kwa kawaida hufurika tezini. Tezi iliyodhurika na kuvujisha homoni ilizokuwa imehifadhi huonyesha damu haba. Tofauti hii ina uzito: dawa za kuzuia utengenezaji wa homoni humfaa mgonjwa wa kwanza, si wa pili. Aidha, ultrasaundi haitumii mnururisho. Hivyo hata mjamzito hupimwa, ilhali kipimo cha iodini ya mnururisho hakimfai.

Kwa hivyo, anayeambiwa ana rovu asitosheke na jina hilo. Aulize damu yasemaje, kisha picha yasemaje.