TENGENEZA KICHANJA CHA KULALIA NDANI YA GARI

Wakulima wa Bisibo tunajua maana ya ulingo. Mahindi yakikaribia kukomaa, nguruwe huja usiku. Mwenye shamba hupanda juu ya ulingo wake. Hapo hulinda, na hapo hupumzika. Ulingo humwinua kutoka kwenye umande, siafu na nyoka.

Mazao yakivunwa, safari huanza. Mahindi, maharage na ndizi hupakiwa kwenye gari na kupelekwa mbali kuuzwa. Je, dereva na mwenye mzigo hulala wapi?

Wengi hulala wamekaa kwenye kiti. Wengine hulala juu ya magunia. Wengine hulala chini ya gari. Na wengine hawalali kabisa. Huendesha usiku kucha.

TULIINGIA MTARONI

Mimi nimeonja jambo hili. Safari moja tulikuwa tunarudi kutoka Kahama kwa pikapu ya jirani. Tulikuwa tumeuza maharage. Dereva alikuwa hajalala vizuri kwa siku mbili. Tulipokaribia Nyakanazi alisinzia. Gari liliacha barabara likaingia mtaroni. Hakufa mtu, lakini dereva alivunjika mkono.

Baadaye nilimwuliza, "Ndugu yangu, kwa nini hukusimama ulale?"

Alinijibu, "Ningelala wapi? Fedha ya nyumba ya wageni ndiyo fedha ya mafuta. Na mzigo ningemwachia nani?"

Jibu lake lilikuwa la kweli. Lakini dawa ipo. Malori makubwa yanayokwenda Rwanda kwa njia ya Rusumo huwa na kitanda nyuma ya kiti cha dereva. Dereva akichoka husimama Nyakanazi, Lusahunga au Benako, akalala. Wako pia watalii wanaosafiri na kitanda ndani ya gari. Karibu nasi iko Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019. Mtalii mwenye gari la namna hiyo anaweza kulala mahali palipopangwa kwa kupiga kambi.

Pikapu zetu hazina kitanda. Lakini seremala wa kijijini anaweza kukitengeneza.

VIFAA

Tafuta mbao za inchi 2 kwa 3 za kufanyia miguu na fremu. Tafuta mbao za inchi moja za kulalia. Uwe na bolti na nati, misumari, msumeno, nyundo, keekee na futi ya kupimia. Mbao ziwe kavu. Mbao mbichi hujipinda.

KWANZA PIMA

Pima urefu wa mtu atakayelala. Ongeza sentimita 10. Mtu wa sentimita 170 anahitaji kichanja cha sentimita 180. Upana wa sentimita 70 unamtosha mtu mmoja. Watu wawili wanahitaji sentimita 120.

Kisha pima bodi ya gari kwa ndani. Pima pia nafasi kati ya matairi, maana hapo bodi ni nyembamba. Pima kimo mpaka kwenye turubai. Ukikaa juu ya kichanja, kichwa kisiguse juu.

SASA JENGA

1. Tengeneza fremu tatu. Kila fremu iwe kama goli la mpira. Ina miguu miwili, na mbao moja imelala juu yake. Miguu iwe na kimo cha sentimita 40. Chini yake utaweka mizigo.

2. Simamisha fremu moja kichwani, moja katikati na moja miguuni. Ziunganishe kwa mbao mbili ndefu, moja kila upande.

3. Piga mbao za mshazari kutoka mguu hadi mbao ya juu. Hizi huzuia kichanja kisiyumbe. Usiziache.

4. Kaza viungo vyote vikubwa kwa bolti na nati. Barabara ya changarawe hutikisa gari. Misumari peke yake italegea.

5. Panga mbao za kulalia juu ya fremu. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya mbao na mbao. Hewa ipite, godoro lisiote ukungu.

6. Piga randa na msasa. Ondoa vibanzi na ncha za misumari.

Kama mbao za kulalia ni ghali, suka kamba ya katani kama kitanda cha kamba. Kamba ni nyepesi, lakini hulegea. Ikaze kila mara.

Kabla ya safari, watu wawili wakae juu ya kichanja na kukitikisa. Kikilia au kuyumba, rudi kwa fundi.

FUNGA IMARA

Gari likifunga breki ghafla, kitu ambacho hakikufungwa huruka mbele. Kichanja kinaweza kuua. Kifunge kwenye ndoano za bodi kwa kamba nene, kila pembe. Mizigo iliyo chini nayo ifungwe.

Usitoboe sakafu ya gari ovyo. Chini yake kuna tangi la mafuta, mabomba ya breki na nyaya. Kama ni lazima kutoboa, mwite fundi wa magari kwanza.

Gari likiwa linakwenda, mtu yeyote asilale juu ya kichanja. Kichanja ni cha gari lililosimama.

LALA SALAMA

Usiku, kumbuka mambo haya:

1. Egesha gari mbali na barabara, mahali tambarare penye watu. Vuta breki ya mkono. Weka mawe mbele na nyuma ya matairi.

2. Zima injini. Usiingize jiko la mkaa ndani ya gari, hata kama kuna baridi na mvua. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Moshi wa injini nao una gesi hiyo. Haina rangi wala harufu. Aliyelala huivuta bila kujua, na anaweza asiamke tena.

3. Acha nafasi za hewa pande mbili. Usifunge turubai lote.

4. Tundika chandarua chenye dawa. Kichomeke chini ya godoro. Mbu wa malaria huuma usiku, hata ndani ya gari.

5. Usilale pamoja na madebe ya petroli wala dawa za mashamba.

6. Usilale chini ya gari. Likisogea kidogo tu, umekwisha.

FAIDA YAKE

Mzigo wako utakuwa chini yako. Mwizi hawezi kuutoa kwa urahisi bila kukuamsha. Fedha ya nyumba ya wageni itabaki mfukoni. Lakini faida kubwa ni uhai. Dereva akisikia macho mazito asiseme, "Nitajikaza." Usingizi haushindwi kwa kujikaza. Asimame, apande kichanjani, alale.

Yule jirani yangu mkono wake ulipona. Kabla ya kurudi barabarani alikwenda kwa seremala. Sasa pikapu yake ina kichanja. Tukisafiri naye usiku ukatukuta njiani, tunalala. Asubuhi tunaendelea na safari. Tunachelewa kufika, lakini tunafika.

ZUNGUMZENI

1. Kwa nini misumari peke yake haitoshi?

2. Kwa nini jiko la mkaa ni hatari ndani ya gari?

3. Madereva wa kijiji chenu hulala wapi wakiwa safarini? Mnaweza kuwasaidiaje?